Waya ya Mwalimu Hadiya na Blanketi za Salgaa

Wewe unayesoma hii, nina shida na wewe. Ukienda kununua simu unauliza maswali kama askari wa barabarani: kamera iko aje, betri inakaa, imetumika na nani. Lakini ukienda kununua waya ya intaneti unasema tu "nipatie ya kutosha." Unaibeba kwapani kama mkate, unampigia fundi, fundi anaitundika mahali amepata msumari, na siku mambo yakiharibika unaingia mtandaoni kutukana kampuni ya intaneti. Tena unatukana ukitumia bando ya simu, kwa sababu Wi-Fi yako yenyewe imelala.

Nimechoka na hiyo tabia. Leo kampuni tutaiacha ipumzike. Nataka kukuambia habari ya mama mmoja anaitwa Hadiya Salmin, jirani yangu hapa Free Area, Nakuru, ambaye waya ilikuwa karibu imrudishe kwa karai.

Karai ninayosema ni ile ya kukaangia viazi. Hadiya amesimama mbele ya karai miaka mingi, pale Bondeni alikozaliwa. Asubuhi mahamri, jioni viazi karai, katikati kulea watoto. Babu yake aliletwa Nakuru na reli kutoka Pwani, alikuwa mpishi, na hakuacha mali. Aliacha Kiswahili. Kwao nyumbani walikiongea vile babu alikiongea, kila neno na mahali pake, na hapa Nakuru hiyo ilikuwa shida. Shuleni Hadiya akifungua mdomo watoto wanaanguka kwa kicheko. Sokoni watu wanamwita Mama Taarifa, eti anaongea kama anasoma habari kwa redio. Alizoea. Kuna wateja walikuwa wananunua viazi ndio tu wamsikie akisema "karibu tena kesho, inshallah" halafu waende wakimuiga.

Halafu magoti yakakataa. Daktari alimwambia wazi kwamba mambo ya kusimama mbele ya moto kutwa nzima yameisha. Watoto wameshaoa na kuolewa, kila mtu ana mzigo wake, na Hadiya si mtu wa kupigia watoto simu akilia. Akahama Bondeni, akapanga nyumba ndogo kwa ploti ya Mzee Jonah huku kwetu, akaigeuza karai juu chini juu ya kabati, akakaa kufikiria.

Ni binti wa dada yake alimwambia kuhusu Farhiya. Farhiya yuko Nairobi, ana shule ya kufundisha Kiswahili kwa video. Wanafunzi wake ni watu wa nje: huyu ameoa Mkenya na anataka kuelewa mama mkwe anasema nini, yule anakuja kufanya kazi huku, mwingine ni mstaafu amechoka kukaa bure. Hadiya alipigiwa simu ya majaribio. Farhiya alimsikiliza kidogo tu akamkatiza.

"Mama, ulikuwa wapi siku hizi zote?"

"Nilikuwa nakaanga viazi, mwanangu."

Hivyo ndivyo kile kitu alichekewa tangu utoto kikawa kazi yake. Akakopeshwa kompyuta ya zamani na mwanawe, akanunua meza, akaweka kitambaa cha maua ukutani nyuma yake ili wanafunzi wasione kabati. Ukimpata asubuhi akijiandaa ungedhani anaenda harusini. Mama Taarifa likabaki Bondeni, watu wa ploti wakaanza kumwita mwalimu. Nilimuuliza siku moja kama hilo jina linamfurahisha. Alisema hapana, kisha akajifunga leso vizuri, nikajua ni uongo.

Sasa tuje kwa waya, kwa sababu hapo ndipo wewe na yeye mnafanana.

Ploti ya Mzee Jonah iko hivi. Mbele, kwa geti, ni nyumba ya mzee mwenyewe. Kampuni ilileta intaneti ikaishia hapo, kwa router, kile kisanduku cha taa kilicho juu ya kabati ya vyombo vyake, na wapangaji wanagawana. Nyuma kuna safu ya nyumba za mawe, na Hadiya anakaa ya mwisho kabisa. Katikati ni uwanja. Wi-Fi ikitoka kwa mzee inavuka uwanja kidogo, inagonga ukuta wa mawe, inakufa. Kwa hivyo Hadiya alihitaji waya imletee intaneti mpaka kwa router yake ndogo ndani.

Alinunua vile wewe hununua. Alienda mjini akasema anataka waya ya intaneti, akapewa ya kijivu, laini, nyepesi, imekunjwa vizuri. Fundi alikuwa Lewis, kijana anajulikana hapa mtaani, ana ngazi na ana mdomo. Lewis alifunga upande mmoja kwa paa la mzee, akaivuta hewani kuvuka uwanja mpaka dirisha la Hadiya, akaikaza. Ikakaa pale imenyooka, juu kidogo ya kichwa cha mtu mzima, jua linaipiga asubuhi hadi jioni.

Kama umewahi kuishi ploti, wewe tayari unajua nini kilifuata. Hadiya hakujua.

Wiki za kwanza zilienda fiti. Halafu Jumanne moja, katikati ya darasa, nyuso za wanafunzi zikaganda. Mmoja mdomo wazi, mwingine jicho moja limefungwa. Hadiya akangoja. Akawaita majina. Akazima na kuwasha. Kufika jioni, intaneti ikarudi yenyewe.

Lewis alikuja Jumatano.

"Ni network, mathe. Jana Nakuru nzima ilikuwa down."

"Lakini mtoto wa nyumba ya mbele alikuwa akitazama mpira."

"Hiyo ya mpira ni tofauti."

Tofauti aje, hakusema. Alikata vile vichwa vya plastiki huwa kwa ncha za waya, akaweka vipya, taa za router zikawaka zote. Akasema ameona shida na ameimaliza. Jumanne iliyofuata, nyuso zikaganda tena. Lewis akaja Jumatano tena, akagusa hapa, akapuliza pale, kila kitu kikafanya kazi, na akaondoka akitembea kama daktari. Hiyo ndiyo faida ya kutengeneza kitu siku yenye hakina shida.

Hadiya alijaribu yake. Alisogeza meza. Aliifunika router na leso akidhani ni vumbi, halafu akaifunua akidhani ni joto. Aliniuliza mimi, nikamwambia atukane kampuni. Unaona, hata mimi ni kama wewe.

Kisha Farhiya akapiga simu. Ilikuwa Jumanne nyingine, muda mfupi baada ya darasa kukatika.

"Mama Hadiya, hawa watu wanakupenda. Hiyo ndiyo shida. Wangekuwa hawakupendi wasingelalamika hivi."

"Nimekusikia."

"Wanalipia saa nzima wanapata nusu. Nimewatetea vya kutosha. Jumanne ijayo ikikatika tena, hilo darasa nitampa mwalimu mwingine, na hilo darasa ndilo linabeba hayo mengine yako. Sina namna, mama."

"Nimekuelewa, mwanangu. Usijilaumu."

Akaweka simu mezani. Akainua macho, na kitu cha kwanza aliona ni ile karai juu ya kabati. Akaamka akatoka nje, kwa sababu hakutaka kuiangalia.

Nje kulikuwa na kazi. Ploti ya Mzee na zetu za jirani tunapata maji kwa mgao, Jumanne na Jumamosi. Siku ya maji hakuna mtu anakaa. Madramu yanajazwa, nguo za wiki zinatolewa, sabuni inapanda mpaka kwa geti. Anayefua kuliko wote ni Chepkemboi, jirani wa Hadiya, mama mwenye mikono kama ya mpiga ngumi, ametoka pande za Londiani. Chepkemboi hafui zake tu. Kuna lodging Salgaa inamletea blanketi kwa pickup, zile nene za manyoya, zimelaliwa na madereva wa trela mpaka zinanuka dizeli. Anazikanyaga kwa beseni na miguu, anakamua, anaanika, pickup inarudi jioni kuzichukua.

Hadiya alisimama mlangoni akiangalia blanketi moja ya rangi ya damu ya mzee, imelowa, inadondosha maji. Imetundikwa katikati ya uwanja. Kando yake ingine. Na kitu kilichozibeba kilikuwa kimepinda kikashuka kama tumbo la ng'ombe.

"Chepkemboi, hilo blanketi umelianika wapi?"

"Kwa kamba, mwalimu."

"Hiyo si kamba."

Chepkemboi akajipangusa povu. "Imefungwa huku, imefungwa kule, iko kwa jua. Sasa hiyo ni nini?"

"Ni intaneti yangu."

Chepkemboi aliangalia juu, akaangalia Hadiya, akaangalia juu tena. "Si intaneti huwa kwa hewa?"

"Hebu liinue kidogo. Usilitoe. Liinue tu."

Chepkemboi akachukua mti wa kuinulia kamba, akasukuma juu. Hadiya akaenda dirishani kuangalia taa za router.

"Zimewaka. Sasa shusha."

"Nimeshusha."

"Zimezima. Inua tena."

"Mwalimu, nimefua tangu jua litoke, sasa unanipigisha mazoezi ya jimu na blanketi ya dereva?"

"Inua, mama."

Akainua. Taa zikawaka. Akashusha, zikazima. Watu wakatoka kwa milango kuona ni nini. Mmoja akauliza kama ni maombi. Chepkemboi alicheka mpaka akaegemea ule mti, na Hadiya naye akacheka, halafu akaacha ghafla, kwa sababu alikuwa ameelewa. Siku ya darasa ilikuwa siku ya maji. Wiki baada ya wiki alikuwa analaumu mbingu na shida ilikuwa inakauka mbele ya dirisha lake.

Lewis aliitwa. Safari hii alikuja Jumanne hiyo hiyo, mgonjwa akiwa bado mgonjwa. Alikata waya pale katikati palipopinda. Ganda la nje lilikuwa limepigwa na jua mpaka limekuwa gumu, limepasuka mipasuko midogo, na ndani kulikuwa na unyevu. Nyuzi mbili kati ya zile ndogo za ndani zilikuwa zimekatika kabisa, zinagusana tu blanketi ikitolewa. Hadiya akaingia ndani, akarudi na kisu chake cha viazi, akaukwaruza uzi mmoja. Juu ulikuwa na rangi ya shaba. Chini ya hiyo rangi, nyeupe.

"Lewis, hii ni sufuria," alisema. "Ni sufuria imepakwa rangi."

Na ni kweli, sikiza vizuri. Hiyo ni aluminiam, ile ya sufuria zenu, imepakwa shaba juu ndio ionekane. Ni nyepesi, inavunjika ukiikunja mara chache, ukiivuta inakatika ndani na nje huoni kitu. Waya ya kueleweka ni shaba tupu mpaka katikati. Ukikwaruza, chini bado ni shaba. Pia hiyo ya kijivu ilitengenezwa kukaa ndani ya nyumba, nyuma ya kochi, isione jua milele. Sasa mnaitundika nje Nakuru, kwa hili jua letu na hizi mvua za mawe, halafu mnaiwekea blanketi za trela.

Lewis alijikuna kichwa. "Mimi huweka yenye mteja amenunua, mathe."

"Na ukiona si nzuri?"

"Mteja hapendi kuambiwa amenunua takataka."

"Mimi niambie."

Mwingine angeishia hapo: nunua waya nzuri, pigia jirani kelele, weka kibao cha USIANIKE HAPA. Hadiya alianza hivyo kweli. Alimgeukia Chepkemboi akamwambia tafadhali, kuanzia leo asitundike kitu pale.

Chepkemboi akaacha kucheka. "Nianike wapi?"

"Kwa kamba za nguo."

"Gani? Kamba zilikuwa pale." Akaonyesha nyumba mbili mpya upande wa kushoto, bado zinanuka saruji. "Mzee alizing'oa akajenga. Tangu siku hiyo tunaanika kwa fensi, kwa lile gari lake bovu, na kwa hiyo waya yako. Blanketi ikirudi Salgaa na maji, kesho wanampa mtu wa huko huko. Wewe ukikosa darasa unakosa kazi. Na mimi je?"

Hadiya ameniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipoona wamekuwa wakivuta waya moja, kila mtu upande wake. Alivaa viatu. "Twende kwa Mzee," alisema.

Mzee Jonah alikuwa anakunywa chai. Ni mzee mpole, alikuwa na shamba Njoro kabla ya kujenga hapa, na Wi-Fi ikisumbua huwa anaamini dawa ni moja.

"Mwalimu, imepotea tena? Nimezima nikawasha."

"Intaneti haikupotea, Mzee. Zilizopotea ni kamba."

"Kamba gani?"

"Zile uling'oa," Chepkemboi akasema.

"Hapo nimewajengea nyumba."

"Umejengea watu wengine. Sisi nguo zetu zinalala ndani, zinanuka kama mbuzi."

"Sasa nguo na Wi-Fi zinaingiliana wapi?" Mzee aliweka kikombe chini. "Mimi sijaelewa hii kesi."

Hadiya akamweleza polepole, na Mzee akasikiza akitingisha kichwa, akasema kweli watu wa siku hizi hawana adabu, mtu anatundikaje nguo kwa waya ya mwalimu.

"Mzee," Chepkemboi akasema, "na ile suti yako ya kanisa, Jumamosi ilikuwa imeanikwa wapi?"

Mzee alichukua kikombe tena. Kilikuwa kimeisha lakini alikunywa.

"Nyuma kwa tangi," alisema mwishowe, "kuna jua?"

"La mchana lote," Hadiya akajibu.

"Niko na milingoti ya fensi ilibaki Njoro. Nitaileta. Na hiyo waya yako mpya, mwalimu, usipitishe hewani. Pitisha kwa ukuta wangu. Lakini Lewis asinitoboe kila mahali kama panya."

Sasa dukani. Hapa nataka uwe macho, kwa sababu hapa ndipo huwa unapotea. Hadiya alienda mjini na Lewis, na mwenye duka alipoona mama mwenye leso akaanza na ya juu kabisa. Akamletea waya nene, imeandikwa Cat 8.

"Hii ndio mwisho wa mambo, mathe. Hakuna ingine mbele yake."

"Inatofautianaje na hizo zingine?"

"Hii ni eight. Hizo ni five na six."

Mwenye duka hakudanganya, lakini hakueleza kitu. Hizo namba ni uwezo wa waya, inaweza kupitisha vitu haraka kiasi gani. Lakini intaneti inayoingia kwa ploti ya Mzee Jonah ni ya kawaida ya nyumbani. Cat 5e inaibeba bila jasho. Cat 6 inaibeba na inabaki na nafasi ya miaka ijayo. Cat 8 ni ya majumba yamejaa kompyuta kubwa. Kuiweka kwa nyumba ya Hadiya ni kununua trela ya kubebea mahamri.

Jamaa akajaribu ingine, akasema iko na ngao ya chuma ndani, inazuia kila kitu. Lewis, na hapa nampa heshima yake, akafungua mdomo kwa mara ya kwanza kusema kitu cha maana. Alisema hiyo ngao inataka kufungwa vizuri ardhini, na kwa ploti hakuna mtu ameweka waya ya kushuka ardhini, kwa hivyo itakaa bure. Ni ya mahali kuna mashine kubwa au nyaya za stima zimejaa. Hapa watapitisha mbali na waya ya stima, basi.

Hadiya akasema anataka ya kukaa nje. Jamaa akatoa nyeusi, ganda gumu. Nyeusi ya nje inavumilia jua. Ile ya kijivu haivumilii. Halafu Hadiya akafungua mkoba, akatoa kisu cha viazi.

"Mathe, weka kisu chini, tuongee."

"Si chako, ni cha waya."

Akaukwaruza uzi pale kaunta, mbele ya wateja. Shaba. Akakwaruza zaidi. Bado shaba. Mteja mmoja nyuma yake, aliyekuwa tayari ameshika kifurushi chake cha kijivu, akakirudisha kaunta kimya kimya. Lewis akauliza umbali. Waya kama hii haifai kuzidi mita mia moja, ikizidi inaanza kupoteza, lakini kutoka kwa Mzee mpaka kwa Hadiya hata nusu ya hapo haifiki. Wakachukua Cat 6 nyeusi, ya nje, shaba tupu.

Lewis aliiweka kama mtu anayeangaliwa, kwa sababu alikuwa anaangaliwa. Ploti nzima ilitoa viti. Aliipitisha kwa ukuta, chini ya paa, ndani ya bomba la plastiki. Kabla ya kuingia dirishani aliiachia ipinde kwenda chini kidogo kisha ipande, ili maji ya mvua yakifuata waya yadondoke hapo nje na yasiingie ndani kwa router. Mzee Jonah alileta milingoti yake, akasimamia uchimbaji, akakosoa kila shimo. Kamba mpya zikafungwa nyuma kwa tangi. Na ile waya ya kijivu ikabaki imekunjwa chini.

"Hiyo nipatie," Chepkemboi akasema.

"Ya nini?"

"Ni kamba nzuri, mwalimu. Shida yake ilikuwa intaneti tu."

Jumanne ikafika, na maji yakafika nayo. Nilikuwa kwa ploti yao siku hiyo, nimeenda kuchota kwa sababu kwetu bomba lilikuwa na kiburi. Kulikuwa kumenyesha wiki nzima na pickup ya Salgaa ilikuwa imeleta mara mbili ya kawaida. Uwanja wote ulikuwa povu. Dirisha la Hadiya lilikuwa wazi na niliona anakaa wima sana, kama mtu ako mbele ya hakimu. Farhiya mwenyewe alikuwa ameingia darasani, kamera amezima, anasikiza.

Darasa likaanza. Salamu zikaisha. Nyuso zikaendelea kusonga. Chepkemboi akapita na blanketi ya kwanza begani, akamwangalia Hadiya dirishani, Hadiya akamwangalia, na Chepkemboi akaenda nayo nyuma kwa tangi. Ya pili. Ya tatu. Nyuso zikaendelea kusonga.

Halafu moja ikaganda.

Nilimwona Hadiya akishika meza. Akamwita mwanafunzi kwa jina. Kimya. Akamwita mwingine, na huyo mwingine akajibu sawa kabisa, na wa kando yake pia. Hadiya akaachia meza.

"Huyo ni waya yake mwenyewe," aliwaambia. "Akirudi tutamuuliza ameanika nini."

Wakacheka wote, na yule akarudi akiwa amechelewa utani. Kisha mstaafu mmoja akauliza, kwa Kiswahili chake cha kutafuta neno, hiyo sauti nje ni nini, kama ngoma. Ilikuwa ni Chepkemboi anapiga blanketi kwa jiwe. Hadiya alifikiria kidogo, akainua kompyuta, akaigeuza iangalie dirishani.

"Huyo ni jirani yangu. Anafua. Semeni: anafua."

"Anafua," wakasema.

"Sasa anasuuza. Sasa anakamua. Akimaliza ataanika. Jioni, zikikauka, ataanua."

Nakuambia, mimi ni mzaliwa wa hapa na sijui mara ya mwisho nilisema neno kuanua. Chepkemboi alipoona kamera akainua mkono wenye povu mpaka kiwiko.

"Waambie kama wanataka mazoezi waje. Kazi iko."

"Amesema nini?" mmoja akauliza.

"Amesema karibuni," Hadiya akajibu.

Saa yote iliisha. Hakuna kitu kilikatika. Wanafunzi walipoondoka, Farhiya akabaki, akawasha kamera.

"Jumanne ni yako, mama. Na Jumamosi, utaweza? Kuna watu wanangoja."

Jumamosi, kama unakumbuka, pia ni siku ya maji.

"Nitaweza," Hadiya akasema.

Akatoka nje, akasimama mlangoni akanyoosha magoti. Alimuuliza Chepkemboi kama anahitaji chombo cha kulowekea soksi, kwa sababu beseni zote zilikuwa zimejaa blanketi. Akarudi ndani akashusha ile karai kutoka juu ya kabati, akampa. Iko hapo nyuma kwa tangi mpaka leo, imejaa sabuni, na juu yake kuna waya ya kijivu imebeba soksi za ploti nzima. Soksi inaziweza.

Sasa wewe. Usikimbie dukani. Toka nje kwanza, sasa hivi, fuata waya yako na macho kutoka kwa router mpaka mwisho wake. Angalia inapigwa na jua wapi, inaguswa na maji wapi, na imebeba nini. Ukienda kununua ingine, beba kisu. Na ukipata jirani ameanika blanketi hapo juu, naomba usimtukane. Muulize kamba yake ilienda wapi.